Ng'ombe Waliouzwa Ili Nipungue

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, ambaye leo amenipandisha ngazi za madhabahu hii bila mtu kunishika mkono. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Mama Sayi, yule wa ghala la pamba. Wageni mlioko hapa huenda mnamwona mama wa kawaida tu, na mnajiuliza ana ushuhuda gani. Wenyeji wa Bariadi watawaambia kwamba miaka michache iliyopita nilikuwa na kiti changu cha peke yangu humu kanisani, cha chuma, alichonichomelea fundi, kwa sababu vile vya plastiki vilikuwa vinapasuka nikivikalia.

Mchungaji ameniomba niseme taratibu na nieleze vizuri, maana habari zangu zimesimuliwa kila mtu kwa namna yake. Wako wanaosema niliombewa nikapungua usiku mmoja. Wako wanaosema nilikatwa utumbo wote. Wako wanaosema naumwa ugonjwa mkubwa na ninaficha. Leo nitasema mwenyewe, na atakayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye mboga yake.

Nilizaliwa Nyashimo, kwa wakulima wa pamba na mpunga. Nikiwa mtoto, pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake. Nilipoolewa huku Bariadi soko lilikuwa limeshakuwa huria, wanunuzi binafsi wanashindana, na mimi nikapata kazi ya uwakala: kupima pamba ya wakulima na kuipeleka kiwandani. Ni kazi ya kukaa. Unakaa tangu asubuhi, mizani mbele yako, chai yenye sukari ya kutosha pembeni, na kila mkulima aliyefurahi anakuachia kitu, mara karanga, mara viazi, mara maziwa ya mgando.

Nikanenepa. Na msidhani nilisikitika, ndugu zangu. Kwetu Usukumani mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, sifa zinakwenda kwa mume. Baba Sayi alikuwa akitembea nami sokoni polepole ili watu wapate nafasi ya kuona. Wifi zangu waliniita Mama Benki. Mwaka mmoja malaria ilinipunguza kidogo, na mara moja watu wa kwetu wakatuma mjumbe kuuliza kama kuna ugomvi ndani ya nyumba. Kwa hiyo unene wangu haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa heshima ya mume, furaha ya mama yangu, na ushahidi kwamba ukoo wa mume unajua kulisha.

Kisha magoti yakaanza. Halafu presha, halafu sukari. Miguu ikavimba nikawa navaa kandambili za mume. Wakati wa kusifu nilisimama wimbo mmoja tu, mingine nikaimba nimekaa. Nikawa nalala nimeegemea mito kama mgonjwa wa pumu, na hata hivyo asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilikuwa nasinzia kwenye mizani mchana, mkulima ananiita, "Wakala, wakala," ndipo nashtuka.

Siku moja kwenye kliniki ya sukari mhudumu akanipandisha kwenye mizani, akatazama, akatazama tena, akasema kwa upole, "Mama, mshale umegota. Katafute mizani kubwa utuletee kilo zako." Sasa mizani kubwa ninayoijua mimi ni ipi? Nilirudi kazini, nikavua viatu, nikapanda kwenye mizani ya pamba mbele ya foleni ya wakulima.

Masunga, msaidizi wangu, akaanza kusogeza rula ya mizani. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Wakala, msisahau kutoa uzito wa gunia. Sisi huwa mnatutolea."

Mwingine akadakia, "Na mkague vizuri kama hana mchanga ndani."

Watu walicheka, na mimi nilicheka mpaka machozi. Masunga peke yake hakucheka. Alisoma kilo, hakuzitaja kwa sauti, akanionyesha kwa kidole. Nilikuwa na uzito wa mzigo ambao mimi mwenyewe ningeita vijana wawili waubebe.

Ndugu zangu, nilijaribu kila njia. Nilifunga. Niliacha ugali nikala mchicha. Nilikunywa maji ya moto yenye ndimu. Nilinunua vidonge kwa mchuuzi, moyo ukanienda mbio nikadhani nakufa. Nilitembea mpaka magoti yakavimba. Kila mara nilipungua kidogo, na kila mara kilo zilirudi, zikaja na wenzao. Nikaanza kuamini kwamba mimi ni mlafi na Mungu amenichoka.

Daktari wa Mwanza, nilikopelekwa kwa ajili ya magoti, ndiye aliyeniondolea hilo. Alinieleza kwamba mwili uliofikia uzito kama wangu huulinda uzito huo. Ukijinyima, tumbo hutuma taarifa ya njaa kichwani, nayo huwa kali kuliko ya mtu mwingine. Kisha akaniambia kwamba Dar es Salaam kuna madaktari wanaofanya upasuaji wa kupunguza tumbo, na kwamba mtu mwenye uzito wangu na sukari yangu anastahili kuufikiria. Alisema kuufikiria. Hakusema kuufanya.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu ambaye hajasoma. Akachora mfuko wa chakula kama kibuyu. Akasema mpasuaji hupita kwenye matundu madogo, hukata sehemu kubwa ya kile kibuyu na kuitoa, na kinachobaki ni njia nyembamba kama ndizi. Utumbo haukatwi. Unashiba kwa chakula kidogo, na ile njaa kali hupungua, kwa sababu sehemu inayoondolewa ndiyo hutuma taarifa nyingi za njaa. Lakini kilichotolewa hakirudishwi. Ukijuta, umejuta.

Nikamwuliza, "Nikienda naweza kupata nini, na naweza kupoteza nini?"

Akajibu yote mawili. Nikienda, uzito ungeshuka sana, sukari na presha zingeweza kutulia, magoti yangepumzika, na usingizi ungerudi. Kwa upande mwingine, mshono wa ndani unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka, au inaweza kuganda miguuni ikasafiri mpaka kwenye mapafu. Dawa ya usingizi ina hatari yake kwa mtu mnene. Wako wachache wanaokufa. Walio wengi wanaopona wanatakiwa kumeza vitamini maisha yao yote, kupima damu, na kula kwa utaratibu mpya, na wasipoangalia uzito unaweza kurudi. "Upasuaji ni msaada," alisema, "kazi yenyewe utaifanya wewe, kila siku, mbele ya sahani."

Nilirudi na maneno hayo, nikawaambia wapendwa wachache wa hapa kanisani. Mama mmoja wa maombi, nampenda sana na yuko hapa, aliniambia kwenda kwenye kisu ni kukosa imani. Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Mama, si uache tu kula?" Nikaenda kwa mchungaji nikiwa nimechanganyikiwa. Alinisikiliza, akavua miwani akaifuta, akasema, "Mimi siwezi kusoma Neno bila hii, na hakuna aliyewahi kuniambia sina imani. Nenda kaulize maswali yako yote. Mungu haogopi maswali." Kisha akaniombea amani, hakuniombea jibu.

Sasa ndugu zangu, kwetu mke hapelekwi kwenye kisu kwa uamuzi wa watu wawili kitandani. Gharama ile haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya ng'ombe, na ng'ombe wa familia wako Bukundi kwa baba mdogo wa mume wangu, Baba Mabula. Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Nikifa huko, watu wa kwetu Nyashimo watauliza nani kaniua. Mnajua maswali ya namna hiyo huishia wapi. Kwa hiyo koo zote mbili zikaitwa, tukakaa sebuleni kwetu.

Nilieleza kila kitu, na kibuyu nikakichora. Nilipomaliza, Baba Mabula akaitazama ile picha muda mrefu, akamgeukia mume wangu.

"Limbu, mwanangu, nisaidie. Tulitoa ng'ombe kumchukua huyu akiwa mwembamba. Mungu akatubariki, akajaa. Sasa unataka tutoe ng'ombe tena ili apungue? Yaani tumlipe mtu atunyang'anye?"

Sebule nzima ikacheka. Wifi yangu Holo akasema, "Na hicho kipande kinachokatwa, si waturudishie basi? Tumekigharimia sisi."

"Kikija, wewe Holo ndiye utakipika," mume wangu akamjibu.

Hata mimi nilicheka. Lakini kaka yangu Bujiku, aliyetoka Nyashimo asubuhi ile, hakuwa anacheka. Aliuliza swali moja. "Dada amesema mwenyewe kwamba wengine hufa. Akifa huko Dar, akiwa hakupelekwa na ajali wala homa, amekwenda kwa miguu yake, sisi tutamwambia nini mama?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nikaikunja ile picha ya kibuyu. Nikasema moyoni, Bwana, yameishia hapa. Nitabaki nilivyo.

Ndipo mama mkwe wangu akasema. Tunamwita Mayu, na chumba chake kimepakana na chetu. Ni mama wa maneno machache, na tangu kikao kianze alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kama hasikii.

"Bujiku, mwanangu, unauliza kama atafia huko. Mimi namsikia akifa hapa. Kila usiku anakoroma, halafu pumzi inakatika. Inakatika kabisa. Nakaa kitandani nahesabu na kumwomba Mungu, mpaka avute tena. Limbu analala kama gogo, hajui. Mimi najua. Kwa hiyo msiongee kama vile akibaki hapa yuko salama."

Ndugu zangu, sikuwa najua. Mume wangu hakuwa anajua. Daktari aliniuliza kuhusu kukoroma nikamwambia nakoroma kama watu wote. Katika kupima kwangu faida na hatari nilikuwa nimeweka upande mmoja hatari za kwenda, na upande mwingine nikaweka faida tu. Sikuwahi kuweka hatari ya kubaki. Nilidhani kubaki ni bure.

Bujiku alilia. Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa mpunga, analia mbele ya mashemeji. Akasimama akasema mbele ya wote kwamba kama dada hatarudi, ukoo wetu hautakuja kuuliza wala kumtafuta mtu. Huo kwetu ni mkataba kuliko karatasi.

Baba Mabula naye akakohoa, akaokota fimbo yake. "Uzeni," alisema. "Lakini yule dume mwenye pembe pana msimguse. Yeye hana kosa."

Hapo ndipo nilipopata ukombozi wangu, kabla ya kisu. Hofu ilinitoka. Nilijua naweza kufa na nilijua kwa nini nakwenda, na mambo hayo mawili yalikaa moyoni mwangu pamoja bila kugombana.

Sitawachosha na habari za Dar es Salaam. Walinipima wiki nzima, na kweli walikuta pumzi inakatika usingizini kama Mayu alivyosema, wakanipa mashine ya kunisaidia kupumua kabla ya upasuaji. Siku yenyewe niliimba wimbo wa pambio kimoyomoyo mpaka dawa ikanichukua. Nilipozinduka muuguzi alinitaka nitembee jioni hiyohiyo ili damu isigande. Nilimwona mkatili. Siku zilizofuata nilijuta waziwazi. Nilikuwa na maumivu, nina kiu, na kinachoruhusiwa ni maji kwa kijiko. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo dada mmoja wa Musoma, mcheshi sana. Mshono wake ulivuja, akarudishwa chumba cha upasuaji, akakaa hospitali muda mrefu na mirija mwilini. Alipona, Mungu ni mwema, lakini niliona kwa macho yangu kwamba hatari zile daktari hakuzisema kwa kujaza karatasi.

Nikarudi Bariadi. Hapo ikaja hatari ambayo daktari hakuijua, na hangeweza kuijua, maana ilitoka kwenye upendo wenu. Kwetu mgonjwa akirudi, watu huja kumwona, na kila anayekuja anakuja na chungu. Na mgonjwa lazima aonje kila chungu, ili asionekane amebagua mkono wa mtu. Ukionja cha fulani ukaacha cha fulani, umesema neno. Mimi nilikuwa naruhusiwa majimaji tu. Shangazi yangu akaja kutoka Kalemela na matobolwa ya karanga, vile viazi vikavu vilivyochemshwa. Alipoona siyagusi akaanza kulia kwamba namshuku. Nikala vipande viwili. Vilikwama kama mawe. Nilitapika mpaka nikaishiwa maji mwilini, nikalazwa nikawekewa dripu. Daktari wa Dar alinifokea kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Mayu alisikia yote. Kesho yake akaweka kigoda mlangoni. Kila mgeni aliyekuja na chungu, yeye alikipokea, akamsalimu Kisukuma, "Mwangaluka, karibu. Tumbo la mkwe wangu limefungwa na daktari. Mimi ndiye tumbo lake." Kisha anaonja mbele ya mwenye chungu, anasifu, na heshima imetimia. Hakuna aliyekasirika. Mimi nilipungua, ndugu zangu, na Mayu akaongezeka. Baba Mabula alipokuja kututembelea alimtazama shemeji yake huyo, akasema sasa ameelewa nyama ilikohamia.

Tulipoanza kula pamoja tena ikawa kazi nyingine, kwa kuwa nyumbani tunakula sinia moja, na mwanamke anayejitenga na sahani yake amegombana na mtu au anamshuku mtu. Mayu akachukua kibakuli kidogo, akakiweka katikati ya sinia, ndani yake kipande cha samaki na mboga na ugali kidogo. Wote tunanawa pamoja, tunaomba pamoja, mkono wangu unaingia kwenye sinia kama mikono yao, ila unaishia kwenye kibakuli. Natafuna polepole. Nikimaliza nakaa tunapiga soga.

Sasa niwaambie nilivyo leo, pande zote mbili, maana sitaki mtu aondoke na nusu. Dawa za sukari zimepungua, na daktari hasemi nimepona, anasema imetulia. Presha nameza kidonge kimoja. Magoti bado yanasema wakati wa mvua, lakini natembea mpaka ghalani. Nalala chali, na Mayu naye sasa analala, hiyo ndiyo zawadi kubwa niliyompa. Mapambio yote nasimama.

Upande mwingine, nywele zilinyonyoka mwaka wa kwanza, ndiyo maana ya hiki kilemba mnachokiona. Ngozi ya mikono na tumbo inaning'inia, na mume wangu amezoea, anasema ni kanga ya ndani. Kiungulia kinanisumbua. Vitamini nameza kila siku mpaka nife, na zikiisha dukani nahangaika. Kwenye harusi pilau naila kwa macho tu. Kuna kilo kadhaa zilirudi msimu wa pamba uliopita nilipoanza tena kunywa chai ya sukari kazini, nimezishika zisiendelee. Na wako wanaonipita barabarani wakinong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Zamani ingeniuma. Siku hizi nawasalimia.

Ndugu zangu, naujua upole wa Mungu kuliko zamani. Alinijibu kwa mkono wa mpasuaji, kwa machozi ya kaka yangu, na kwa masikio ya mama mkwe asiyelala. Namshukuru yeye, nawashukuru ninyi mlioleta vyungu hata kama sikuvila.

Najua humu ndani yuko mtu ambaye mwili unamlemea na anaogopa kuuliza. Labda unaogopa kisu, labda unaogopa tutakavyosema. Mwamini Mungu kiasi cha kuuliza maswali yote, yaani itakuwaje nikienda, na itakuwaje nikibaki. Si kila mtu anafaa kwa upasuaji huu, na wengine njia yao ni dawa na mazoezi na subira, nayo ni njia ya Mungu pia. Mimi sitakuambia ukakatwe, wala sitakuambia usikatwe. Nitakaa nawe, nitakuchorea kibuyu, na siku ya kwenda kumwona daktari nitakusindikiza. Jibu lolote utakalorudi nalo, tutalipokea kwa shukrani, na utanikuta upande wako.